Pembe za Fort Worth na Kaseti za Mombasa



Mhariri wa jarida hili alitutaka tuandike machache kuhusu waimbaji wetu wa zamani na habari za muziki wa kwetu, kwa kuwa, alisema, sisi ndio tuliobaki tunaokumbuka. Hatukujua tucheke au tusikitike. Tumeandika, ila msomaji atuwie radhi: tulianza safari kwa waimbaji, tukajikuta tumefika nyumbani kwa wazazi wetu.

Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba tulitoka Houston mara tu baada ya sala ya alfajiri, tukashika barabara kuu ya 45 kuelekea Dallas. Ni mwendo wa maili 240 hivi, na mtu mzima hana la kufanya ndani ya gari ila kusinzia na kusikiliza wanachosikiliza vijana. Mjukuu wetu wa miaka kumi na sita ndiye aliyekuwa ameshika simu, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa mtawala wa spika. Tulivumilia mengi. Tulipokaribia Huntsville, pale palipo na lile sanamu jeupe la Sam Houston linaloonekana kutoka mbali, akaweka wimbo wa Zuchu, nasi tukainua kichwa. Si maneno yaliyotuamsha, wala si mdundo, kwani midundo ya siku hizi kwetu yote ni ndugu. Ilikuwa ni namna ya kuivuta sauti mwishoni mwa mstari, kuifinya kidogo puani kisha kuiachia. Tukamwambia mjukuu wetu kwamba sauti ile tunaijua tangu kabla mwimbaji wake hajazaliwa.

Hakutusadiki mpaka alipotafuta mwenyewe katika simu yake. Zuchu, ambaye jina lake ni Zuhura Othman Soud na ambaye alijulikana ulimwenguni mwaka 2020 alipoingizwa katika kampuni ya Diamond Platnumz, ni binti wa Khadija Kopa. Na Khadija Kopa sisi tulimsikia alipokuwa na Culture Musical Club ya Unguja, chama kilichoanzishwa mwaka 1958, kabla hajahamia bara na kuwa malkia wa TOT. Katika miaka ya tisini Dar es Salaam iligawanyika mapande mawili: huku Khadija Kopa na TOT, kule Nasma Khamis na Muungano. Huyu akitoa wimbo wa kumchoma mwenzake, yule hulala na majibu tayari. Ndiyo iliyoitwa mipasho.

Tunakiri kwamba sisi walimu wa lugha tulikasirika mno wakati ule. Tulisema taarabu imevuliwa nguo. Tulizoea fumbo, tulizoea ua ambalo si ua na ndege ambaye si ndege, na sasa mtu alikuwa akitukanwa kwa jina lake la mtaani huku kinanda cha umeme kikilia. Tuliwaambia wanafunzi wetu kwamba huo si ushairi. Leo, tukiwa ndani ya gari huko Texas, mjukuu anayezungumza Kiswahili cha kuokoteza akiimba neno kwa neno wimbo wa binti wa Khadija Kopa, tuliona haya kidogo. Mama wa mipasho ndiye aliyemfikishia mtoto huyu lugha ambayo sisi, pamoja na shahada yetu ya Nairobi na chaki ya miaka mingi, hatukufanikiwa kumfikishia.

Tena hasira yetu ilikuwa na kasoro ya kielimu. Kwa miaka kadhaa tulisomesha kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad, na tulipaswa kukumbuka yaliyomo. Siti, mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Kabla yake taarabu ya majumba ya Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, na mfinyanzi wa Ng'ambo hakuwa na sehemu yake humo. Siti aliimba kwa Kiswahili, na hakuimba mapenzi tu. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu kesi ya kweli: mgeni wa kike aliuawa, muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia waliokuja kutoa ushahidi. Kwa watu wasiojua kusoma ule ulikuwa ndio gazeti. Basi ikiwa Siti aliwasema mahakimu waziwazi, Khadija Kopa na Nasma wana kosa gani kubwa la kusemana wao kwa wao? Tofauti ipo, hatuikatai, kwani hakimu mwenye makosa na mke mwenza si jambo moja. Lakini hatuna tena ile hakika tuliyokuwa nayo ujanani.

Sasa tueleze kwa nini tulitoka alfajiri. Dada yetu mdogo, anayeishi Irving, alikuwa anamwoza binti yake wa pekee, na arusi ilikuwa imeingia mdudu. Ami yake bwana arusi, mtu wa dini tunayemheshimu kwa dhati, alikuwa ameleta barua fupi yenye adabu kamili ikieleza kwamba familia yao haitahudhuria mahali penye ala za muziki. Dada yetu naye akajibu, kwa adabu isiyo kamili sana, kwamba ana mtoto mmoja wa kike na hatamtoa nyumbani kama anayetoa jeneza. Siku tatu hapakuwa na aliyempigia mwenzake simu. Kwa kuwa sisi ndio mjomba wa bibi arusi na ndio wakubwa wa ukoo upande huu wa bahari, walitugeukia tuamue.

Kusema kweli, hapakuwa na mtu asiyefaa kuamua jambo hili kuliko sisi.

Tulipooa mwaka 1986, huko Mji wa Kale, Mombasa, mama yetu alitaka taarabu. Marehemu baba yetu alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani, na alikuwa hataki hata redio ipazwe sauti ikiwa si taarifa ya habari. Mabishano yao hayakuwa ya kelele. Baba alisema, "Mimi siwezi kuwa chini ya dari moja na zumari." Mama akasema, "Haya, Mwalimu." Siku ilipofika baba alichukua mswala wake, kitabu chake na kandili, akaenda kulala kwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hakugomba. Hakumlaani mtu. Aliondoka tu, na sisi bwana arusi tukamtazama anavyokwenda, tukashindwa kumfuata na tukashindwa kufurahi.

Turubai lilifungwa uchochoroni kutoka ukuta hadi ukuta. Kilikuja chama cha mtaani chenye kinanda, tabla, na taishokoto, ile ala ya Kijapani yenye vibonye kama vya taipureta ambayo Zuhura Swaleh na wenzake waliifanya ikawa ya Mombasa kama vile ilizaliwa Kuze. Wanawake walicheza mpaka karibu na alfajiri, wakainuka mmoja mmoja kwenda kutunza, na kila aliyetunza alihakikisha anaonekana ni ubeti upi uliomwinua. Kijana mmoja alikaa kando na mtambo wa kurekodi, maana ndiyo ilivyokuwa ada: arusi ilirekodiwa, kaseti ikanakiliwa, na ikiwa waimbaji walikuwa wazuri nakala ziliweza kufika madukani. Hivyo ndivyo taarabu ya pwani ilivyoenea. Mtu alikwenda Pigott Place, katika duka la Mbwana Radio Service, akaondoka na Juma Bhalo, Maulidi Juma na Zein l'Abdin ndani ya mfuko wa karatasi, kisha msafiri wa Lamu, Dubai au Muscat akapewa azifikishe.

Kaseti ya arusi yetu ilikuja nasi Marekani mwaka 1998, pamoja na nyingine arobaini na kitu, ndani ya sanduku la mbao. Mwanzoni tulizipiga kila Jumapili. Baadaye mtambo uliharibika, na watoto wakaja na sahani zao, kisha na simu zao, na sanduku likaenda chini ya kitanda.

Mama yetu alifariki mwaka 2004. Karatasi zetu za ukaazi zilikuwa bado hazijakamilika, na tuliambiwa kwamba tukitoka hatutaweza kurudi kwa watoto. Hatukwenda. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mnaijua ile sala ya ghaibu inayosaliwa sebuleni, simu ikiwa imewekwa juu ya meza ili msikie vilio vya huko. Baada ya hapo tulikuwa tukijiambia kwamba, angalau, sauti yake tunayo. Katika kaseti ile, baina ya nyimbo, kuna mahali anasikika akipiga vigelegele. Tulikuwa hatuna haraka. Mtu huwa hana haraka na kitu kilicho chini ya kitanda chake.

Kisha ikaja Harvey. Wasomaji wa Houston hawahitaji kusimuliwa. Wa Dallas na Fort Worth tuwaambie tu kwamba katika siku nne za mwisho wa Agosti 2017 sehemu nyingi za jiji letu zilipata mvua ya zaidi ya inchi 40, na vijito ambavyo siku zote tulivipita bila kuvitazama vilipanda mpaka vizingitini. Kwetu maji yalifika magotini. Tuliokoa misahafu, pasipoti na dawa za mke wetu. Sanduku tulilikumbuka siku ya pili, tukiwa tumelala juu ya meza za ukumbi wa shule pamoja na watu wa mataifa yote. Tulipolifungua utepe ulikuwa umegandana kwa tope. Tulipeleka kaseti tano kwa fundi mmoja aliyejitangaza kuwa mtaalamu wa kuokoa kumbukumbu; alichukua fedha yake yote mapema, na baada ya miezi miwili akaturudishia mfuko wa plastiki pamoja na pole.

Inawezekana ndiyo maana habari za vifo vya waimbaji zilitupata vibaya kuliko ilivyostahili. Bi Kidude alikuwa ametangulia Aprili 2013, baada ya kuuzungusha ulimwengu katika umri ambao wenzake wote walikuwa wamekwisha lala kaburini, na kupewa ile tuzo ya WOMEX ya mwaka 2005 kana kwamba ameokotwa jana. Juma Bhalo alifuata Aprili 2014. Mwaka 2016 ukawachukua Zein l'Abdin na Shakila binti Said, yule wa Pangani aliyeipa Tanga sauti yake katika Black Star na Lucky Star. Kila mmoja habari yake ilitufikia kwa simu, kwa sentensi moja na maneno ya Inna lillahi. Zamani tungeliingia ndani, tukafungua sanduku, tukaweka kaseti. Baada ya Harvey, tukiwakumbuka, tulikuwa tukimkumbuka mtu mwingine ambaye hawakumjua.

Juma Bhalo alikuwa ameacha kuimba tangu mwaka 2007, na kuna jambo hapa ambalo sisi Waislamu tunalizungumza kwa kunong'ona. Mzee Yusuf wa Jahazi alitangaza mwaka 2016 kwamba anaachana na taarabu ili ashike dini, watu wakashangilia. Baadaye akarudi jukwaani, watu wakamcheka. Mwingereza Yusuf Islam, aliyekuwa Cat Stevens, aliweka gitaa chini baada ya kusilimu mwaka 1977, akakaa karibu miaka thelathini, kisha mwaka 2006 akatoa tena albamu. Hatuoni la kucheka. Mtu anayeogopa kwamba kipawa chake ndicho kitakachomwangamiza, kisha akaogopa kwamba kukizika nako ni kosa, hachezi. Baba yetu alikuwa na sauti nzuri mno ya kusoma maulidi. Hatukuwahi kumuuliza kama alipokuwa kijana aliwahi kuimba kitu kingine.

Turudi Irving. Tulimkalisha ami, tukamkalisha dada yetu, tukaagiza chai. Hatukujifanya muftii. Tulisema kwamba wanavyuoni wamekhitilafiana tangu zamani, kwamba wapo waliokataa ala zote isipokuwa dufu, kwamba Imamu Ghazali katika Ihyaa ametenga kitabu kizima kwa mas-ala haya, akakataza nyuzi na zumari zilizokuwa alama ya walevi, akaruhusu dufu na kupiga kijiti, na kwamba wote tunaijua habari ya wale wasichana wawili walioimba siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha, na Mtume (s.a.w.) akamwambia Abubakar awaache. Ami alisikiliza kwa makini. Dada yetu hakusikiliza hata kidogo. Alikuwa anasubiri tumalize. Tulipomaliza akasema, "Basi hakuna kinanda, hakuna spika. Usiku wa Ijumaa ni wanawake watupu, na tutapiga vugo."

Vijana wetu hawajui vugo ni nini, na hata baadhi ya watu wazima wamesahau. Ni ngoma ya arusi ya wanawake wa pwani, ambayo chombo chake ni pembe ya mnyama inayogongwa kwa kijiti, huku wanawake wakipokezana kuimba kwa safu. Haipulizwi kama siwa ya Lamu, inagongwa tu. Ami akauliza, kwa haki kabisa, pembe zitatoka wapi. Dada yetu akafungua mlango wa kabati. Alikuwa amekwenda Fort Worth tangu wiki iliyopita, kule Stockyards, ambako zamani ndiko lilikokuwa soko kuu la mifugo na ambako leo watalii hupanga mstari kutazama ng'ombe wenye pembe ndefu wakipitishwa barabarani mara mbili kwa siku. Alikuwa amenunua pembe kumi na mbili, zimesuguliwa zinang'aa kama shaba. Mwuzaji alimuuliza kama anapamba mkahawa.

Tukamtazama ami. Ami akazitazama pembe. Akachukua moja, akaigonga kwa kijiko cha chai, akasikiliza, akaigonga tena. Kisha akasema kwamba hii si nyuzi wala si zumari, na kwamba yeye kwa vyovyote hatakuwepo. Akamaliza chai yake.

Usiku ule wanaume tulikaa nyumba ya pili na pilau yetu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya majirani. Hata hivyo pembe zilisikika. Zilianza kwa kupotea, kila mmoja na mwendo wake, kwa kuwa wengi wa wale wanawake hawakuwahi kushika pembe maishani, na baadhi yao ni dada zetu wa Kongo waliojiunga kwa furaha bila kuambiwa sheria. Baada ya nusu saa zikaelewana. Mjukuu wetu alitoka huko akatuletea habari kwamba bibi mmoja amelia, na kwamba yeye amepiga pembe mpaka mkono umevimba. Ami alikuwa amekaa karibu na dirisha kuliko sisi sote.

Miongoni mwa wageni alikuwepo binamu yetu kutoka Muscat. Watu wake ni wa Unguja, waliorejea Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita watu wa nje warudi, Kiswahili hawakukiacha. Asubuhi ya Jumamosi, baada ya nikaha, alimwambia mke wetu kwamba mamake alikuwa na kaseti ya arusi yetu, nakala aliyopelekewa mwaka ule ule wa 1986 na baharia, na kwamba imo katika mkoba wake. Alikuwa ameileta kama tunu. Hakujua habari ya sanduku.

Mkwe wetu alitafuta mtambo wa kaseti siku nne, akaupata kwa mzee mmoja anayeuza vitu vikuukuu uani kwake. Tuliusikiliza utepe ule sebuleni kwetu Houston, mlango umefungwa. Ni upande wa pili tu wa kaseti. Upande wa kwanza mtu alirekodia juu yake taarifa ya habari ya Kiarabu. Sauti imechujuka. Tulisikia taishokoto, tukasikia vigelegele vingi ambavyo hatukuweza kujua ni vya nani. Baadaye wimbo ukaisha, waimbaji wakawa wanakunywa maji, na karibu kabisa na kipaza sauti, kana kwamba amekiinamia bila kukiona, mama yetu akasema na mtoto fulani:

"Hebu mpelekee Mwalimu chakula chake kule, hajala tangu mchana. Na akikuuliza nani anaimba, mwambie."

Kisha kinanda kikaanza tena, na hatukusikia jibu la mtoto.